Mbwa wa Mama Nzuki

Kangemi, Nairobi
Jumatatu, 14 Julai 2025

Mama Nzuki,

Ni mimi Mbuthia, karani wa kampuni ya Matembezi ya Mlimani, yule uliyeonana naye mwezi wa tano katika ukumbi wa kanisa huko kwenu Mbooni, siku ya mkutano wa wenyeji. Barua hii inakuja kwa mkono wa Ngui. Anapoleta parachichi sokoni hapa Kangemi kila Jumatatu na Alhamisi, pikapu hurudi tupu, na amekubali kutubebea karatasi. Najua simu yako haishiki huko bondeni.

Mama, tumepata wageni! Saba! Ni kikundi cha matembezi kutoka Kitisuru, watu wazima, wengi wamestaafu. Wamezunguka msitu wa Karura mpaka wanawajua nyani kwa sura. Sasa wanataka milima ya kweli, na wanataka kulala kwa watu, si hotelini. Kiongozi wao anaitwa Mzee Kihara. Jina la saba lilipotokea kwenye kompyuta nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Bi. Wamucii, mkurugenzi wetu, akanitazama juu ya miwani: "Mbuthia, kuna siafu kwenye kiti?"

Hii ndiyo njia ya kwanza niliyoipanga mimi mwenyewe. Ikienda vizuri nitaajiriwa kabisa, maana miezi yangu ya majaribio inaisha tarehe 31 Agosti. Ikienda vibaya, sitaki kuiandika sentensi hiyo.

Mpango ni huu. Wageni watafika kwako Jumamosi tarehe 16 Agosti saa tisa mchana, wale, walale. Jumapili saa mbili asubuhi utaagana nao langoni. Watafuata ramani yangu, wavuke daraja, na baada ya saa tatu watakuwa kwa Nzisa kule juu, ambako watalala usiku wa pili. Jumatatu wanateremka hadi kwenye lami.

Ningependa uthibitishe mambo madogo tu. Si kwamba sikuyaona nilipopita, ila karani mzuri huhakiki mara mbili. Kutoka kwako hadi darajani ni dakika ngapi? Njia ina mteremko wa namna gani? Na je, pembeni kuna kitu cha kushikilia?

Wako kwa heshima,
Mbuthia


Mbooni
Alhamisi, 17 Julai 2025

Mwanangu Mbuthia,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma tena kwa sauti ili Nzuki asikie. Huyu mwanangu ni seremala na kwa kawaida haongei, lakini alitupa randa chini akasema, "Saba? Vitanda vinapungua viwili!" Tangu jana anapiga misumari na kuku wamehama uani. Mimi nimepaka chumba cha wageni rangi ya samawati. Iliyobaki nimepaka mlango wa choo, ukaonekana mzuri kuliko wa chumba changu, ikabidi nipake na wa kwangu. Jogoo nimeshamchagua. Yeye bado hajui.

Jambo moja tu. Umeandika kwamba tutaagana langoni. Nilidhani ni kosa la mashine. Mbuthia, anayeagwa langoni ni mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Mgeni aliyelala kwangu akala chakula changu nitamsindikiza, na majirani waliokuja kumsalimia watamsindikiza pia, na tutafika naye pale miguu itakapotosheka. Kwenu Kinoo mnafanyaje? Mama yako hakukufundisha?

Maswali yako kuhusu njia nimeyaona. Wewe umeipita, na ni ileile, haijahama.

Lakini nisaidie na hili. Unamkumbuka mbwa wangu, yule mwenye ncha nyeupe mkiani, aliyekufuata mpaka darajani? Tangu uondoke anakaa langoni akitazama njia. Je, wageni wako wanaogopa mbwa? Nimfunge?

Annah Kanyiva, Mama Nzuki


Kangemi, Nairobi
Jumatatu, 21 Julai 2025

Mama Nzuki,

Asante sana kwa rangi ya samawati. Nimemwambia Bi. Wamucii na ameandika kwenye daftari lake, "mlango wa choo, samawati," na kuipigia mstari. Mzee Kihara hupiga simu ofisini kila asubuhi. Leo ametaka kujua kama huko kuna tai. Nimemjibu kwamba nitahakiki. Ofisi yote imechangamka, hata Bwana Oduor wa mlangoni ananiuliza, "Niaje, mtu wa milima?" na mimi natembea kama nina milima kweli.

Mbwa wako namkumbuka vizuri mno. Ni mbwa mwenye adabu. Tulipofika darajani nilimwambia arudi nyumbani akageuka mara moja, ule mkia mweupe ukiwa juu. Usimfunge. Wageni watampenda. Mpe salamu zangu.

Kuhusu kusindikiza, mama usinielewe vibaya. Mama yangu alinifundisha. Ni ratiba tu ambayo imebana. Nimejitahidi na nimepata dakika kumi za kuagana langoni badala ya tano. Zaidi ya hapo wageni watachelewa kufika kwa Nzisa.

Naomba jibu la maswali yangu ya awali, hasa lile la kitu cha kushikilia.

Mbuthia


Mbooni
Alhamisi, 24 Julai 2025

Mbuthia,

Sina mbwa.

Sijawahi kufuga mbwa. Nina paka mmoja, na hata huyo hamfuati mtu.

Na daraja pia halipo. Mvua ya mwezi wa nne mwaka jana ililing'oa, ikalipeleka nisikokujua. Sasa tunavuka kwa mawe, ni kumi na manne, na watu wa mjini watahitaji saa tano kufika kwa Nzisa, si tatu.

Siku ile ya mkutano ulisimama mbele yetu ukasema jana yake ulitembea kutoka kwangu mpaka kwa Nzisa. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Viatu vya pasta vilikuwa na tope mpaka kwenye soksi. Vyako viling'aa. Nikasema moyoni, huyu kijana ameruka, au njia ameichora mezani. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unatetemeka, na kwa sababu chai yako ulikuwa hujainywa.

Sikukasirika. Niliposoma habari za mkia mweupe nilicheka mpaka Nzuki akatoka nje kuangalia kuna nini. Halafu nikawafikiria watu saba na umri wao, wamesimama ukingoni na karatasi yako, wakitafuta daraja. Hapo kicheko kikaisha.

Simpigii Bi. Wamucii. Kupiga simu ni lazima nipande mpaka kanisani, na pale kila mtu anakusikia. Tena si maneno yangu. Ni yako, mwambie wewe. Ukishamwambia, njoo uipite njia. Jogoo bado yu hai, kwa sasa.

Mama Nzuki


Ofisini, mjini
Ijumaa, 25 Julai 2025

Kwa Bi. Wamucii, Mkurugenzi

Naomba usome barua hii ukiwa umeketi. Mimi ninayeiandika nimesimama.

Mwezi wa tano ulinituma Mbooni siku tatu nikapite njia kutoka kwa Bi. Annah Kanyiva hadi kwa Bi. Nzisa. Niliporudi nilitia saini fomu iliyoandikwa, "Nimepita njia hii kwa miguu yangu." Sikuipita. Nilifika mwisho wa lami, mvua ikinyesha, nikatazama ule mteremko na mto ulioonekana chini yake, miguu yangu ikakataa. Siku mbili nilikaa katika mkahawa mmoja pale sokoni. Mwalimu mmoja mstaafu alinieleza njia kama alivyoikumbuka, nami nikaichora vizuri sana. Daraja nililolichora halipo tena tangu mwaka jana. Nilifahamu jana.

Sababu si udhuru, lakini nitaitaja. Nikiwa darasa la nne nilitumbukia katika shimo la machimbo ya mawe kule Kinoo, lililojaa maji ya mvua. Tangu hapo siwezi kukanyaga mahali penye kuteleza juu ya maji. Nilipoomba kazi hii niliulizwa kama napenda matembezi, nikajibu ndiyo. Napenda ramani. Nilidhani ni kitu kimoja.

Wageni wasitumiwe ratiba yangu. Uamuzi wowote utakaoutoa juu yangu nitaupokea.

Mbuthia, Karani


(Karatasi iliyobandikwa kwenye kompyuta ya Mbuthia, siku hiyohiyo alasiri)

Mbuthia,

Nimesoma. Nilikuwa nimeketi.

Ratiba ya Kitisuru nimeizuia. Fomu yako nimeifungia kwenye droo yangu, sijaichana. Una mpaka tarehe 5 Agosti kuipita njia hiyo na kuniletea ratiba ya kweli, la sivyo nitamwambia Mzee Kihara aende kwingine. Habari za kazi yako tutazungumza ukirudi.

Vaa viatu vyenye meno.

Wamucii


Kangemi, Nairobi
Jumatatu, 28 Julai 2025

Mama Nzuki,

Nimemwambia. Bado nina kiti ofisini, lakini nakikalia kwa ncha.

Nitafika Ijumaa jioni, Jumamosi nipite njia. Nimenunua viatu vyenye meno. Nimevivaa kupanda ngazi za ofisi, ghorofa nne, mara sita, na Bwana Oduor sasa anadhani lifti imeharibika.

Mama, naogopa sana. Nakuomba radhi kwa lile la mbwa.

Mbuthia


Ofisini, mjini
Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kwa Bi. Wamucii, Mkurugenzi
RIPOTI YA NJIA, KUTOKA KWA BI. KANYIVA HADI KWA BI. NZISA

Njia nimeipita Jumamosi tarehe 2 Agosti. Mashahidi ni wanne na viatu vyangu, ambavyo nimeviacha mlangoni kwa Bwana Oduor ili nisichafue zulia. Ukitaka unaweza kwenda kuviona.

Saa mbili asubuhi Bi. Kanyiva alikataa kuniaga langoni. Alinisindikiza pamoja na majirani wawili na mwanawe Nzuki, aliyenibebea mkoba. Mteremko hadi mtoni ni dakika hamsini. Cha kushikilia ni nyasi. Nilizishikilia.

Mtoni Nzuki na majirani walivuka wakatangulia na mkoba wangu. Mto kwa msimu huu ni wa magoti, lakini una kelele. Nilisimama ukingoni dakika ishirini na sita. Nilizipima kwa kuwa sikuwa na uwezo wa kufanya jambo lingine. Bi. Kanyiva hakunihimiza. Aliketi akamenya chungwa. Alipolimaliza akasema, "Shika ncha ya leso yangu, utazame kisogo changu, maji hayakuhusu." Tukavuka. Sina kumbukumbu ya jiwe lolote.

Nilipokuwa namshukuru upande wa pili, aliketi chini akashika goti. "Goti hili, mwanangu! Linaniuma sana. Sasa nitarudije peke yangu?" Nzuki alikuwa ameshapotea juu mlimani. Ikabidi nimsindikize. Safari hii mimi nilitangulia naye akanishika bega, na niliona mawe saba.

Tulipofika upande wake nilidhani yamekwisha. Akasema, "Umenisindikiza vizuri. Lakini siwezi kukuacha hapa kama msoma mita. Lazima nikufikishe ng'ambo." Tukavuka tena. Nikaona mawe yote kumi na manne, la tisa linacheza kidogo. Goti likamuuma tena. Nikamrudisha, nikimweleza njiani mahali pa kukanyaga, kwa sauti ya mtu anayejua.

Kisha akaketi, akanipungia mkono, akasema hapo miguu yake imetosheka. Niligeuka nikavuka nikiwa nafikiria namna ya kumpatia dawa ya goti. Nilipokanyaga nyasi za ng'ambo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa peke yangu. Ilikuwa mara ya tano. Bi. Wamucii, nilipiga kelele. Naomba hilo lisiandikwe katika faili.

Mapendekezo:
Saa za kutembea ziwe tano na nusu.
Jiwe la tisa litegemezwe. Nzuki amekubali.
Wenyeji wapewe saa moja na nusu ya kusindikiza wageni, na ratiba isiipunguze.
Ofisi imtumie Bi. Kanyiva dawa ya kuchua goti.

Tai wapo. Nimewaona wawili.

Mbuthia, Karani


Mbooni
Alhamisi, 7 Agosti 2025

Mwanangu,

Ngui ameniletea dawa ya kuchua, chupa nzima, na kadi iliyotiwa saini na mkurugenzi. Nimeiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Asante. Mwambie Bi. Wamucii goti limemsikia.

Hapa hakulaliki! Jiwe la tisa halichezi tena. Vitanda saba vimekamilika na Nzuki amevilalia vyote, kimoja baada ya kingine, akavitolea maoni. Wanakwaya wamekuja mara mbili kuuliza wageni wanapenda nyimbo gani, nikawaambia waimbe wanazozijua. Nzisa ametuma mtu kuuliza atapika muthokoi, mahindi yetu na maharagwe, ya watu wangapi. Nimemwambia wageni ni saba.

Hukuniambia kama utakuja nao. Nimekuhesabia kikombe.

Mama Nzuki


Kangemi, Nairobi
Alhamisi, 21 Agosti 2025

Mama Nzuki,

Nimerudi tangu Jumatatu na bado nanuka moshi wa jiko lako. Sijaifua hiyo sweta.

Nakuandikia mambo uliyoyaona kwa macho yako, lakini kuna uliyoyakosa kwa kuwa ulikuwa nyuma. Jumapili asubuhi tulipotoka kwako tulikuwa wageni saba na mimi. Pale kwenye migomba niliwahesabu wasindikizaji, walikuwa kumi na tisa. Mtoni walikuwa thelathini na mmoja, na wanakwaya hawakuwa wamenyamaza hata mara moja. Bibi mmoja wa Kitisuru aliniambia, "Kijana, kwetu jirani yangu simjui hata jina, na hapa nasindikizwa na kijiji!" Alikuwa anafuta macho akisingizia jua.

Mzee Kihara alitangulia na zile fimbo zake mbili za kutembelea. Kwenye jiwe la sita akasimama. Wenzake wakadhani anatazama mandhari. Mimi niliona mgongo wake, mama, na mgongo ule naujua, ni wangu. Angeambiwa "usiogope" mbele ya watu wote wale, angebaki pale mpaka leo. Nikamfuata mpaka jiwe la tano nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, samahani, naogopa maji. Naomba unishike mkono univushe." Akageuka. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo zote mbili, "Aah, vijana wa siku hizi! Njoo, shika hapa." Akanivusha. Alinivusha vizuri sana, na jioni kwa Nzisa alisimulia mara nne jinsi alivyomwokoa karani.

Nzisa, aliyeshuka kutupokea juu kidogo ya mto, alipotuona tunapanda, watu thelathini na tisa, alishika kichwa. "Annah aliniambia saba!" Ndipo niliposikia kelele za shangwe nyuma, nikageuka kutazama bonde.

Mama, nilikuona. Ulikuwa mtoni, na sufuria ya muthokoi kichwani, ile kubwa ya harusi. Hukuishika hata kwa mkono mmoja. Uliyaruka yale mawe jiwe moja moja, halafu ukapanda ule mlima huku ukiimba, na ukatupita watu wote tukiwa tumeketi tunahema.

Sikusema kitu pale kwa sababu Mzee Kihara alikuwa kando yangu, naye alikuwa bado ananishika mkono.

Jana Bi. Wamucii aliniita. Alifungua droo, akatoa ile fomu yangu, akaiweka mezani pamoja na kalamu. Maneno ni yaleyale, "Nimepita njia hii kwa miguu yangu." Alinifanya nikate tarehe ya mwezi wa tano, niandike 2 Agosti, nitie saini upya. Kisha akasema, "Karibu kazini." Nilishuka ghorofa zote nne kwa ngazi nikiwa nakimbia, Bwana Oduor akauliza, "Ni moto?" nikamjibu, "Ni kazi!"

Kikundi kingine cha watu kumi kinataka kuja mwezi wa kumi, nacho kinataka njia mpya, ya upande wa pili wa mlima. Bi. Wamucii aliponiuliza itachukua muda gani kuichora, nilimwambia siwezi kujua mpaka niipite. Nitakuja tarehe 6 Septemba. Tafadhali usiniage langoni.

Lakini kwanza nijibu, mama, kwa ukweli. Goti linaendeleaje?

Mwanao,
Mbuthia


Mbooni
Jumatatu, 25 Agosti 2025

Mwanangu Mbuthia,

Hongera! Nzuki ameitangaza kazi yako kanisani, mbele ya watu wote, na ridhaa yako hatukuiomba. Tarehe 6 tunakungoja. Upande wa pili hauna mto, una ukingo mwembamba tu na upepo. Tutauona pamoja.

Goti ni zima kabisa. Dawa yenu ni nzuri mno. Iliyobaki kwenye chupa nimempaka mbwa, alikuwa anachechemea kidogo tangu siku ile alipokufuata mpaka darajani.

Anakusalimu. Yuko langoni.

Mama Nzuki